Mfaransa, Mjapani na Ile Kona ya Machimboni

Karakana ya Viti vya Magari,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
S.L.P. 418.

Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mwanangu Mbio,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mkeo na huyo mdogo wenu ambaye mpaka leo sijambeba. Natumaini mnaendelea vizuri, baridi haiwasumbui sana, na kile kifua chako cha tangu utotoni kimetulia. Kama hakijatulia, funika shingo unapotoka na uache kujitia ubabe. Sisi huku hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula, tunalala na tunaamka. Bibi yako ameng'olewa jino na sasa anatafuna upande mmoja huku akilaumu nyumba nzima. Mgongo wangu unanibana nikikaa sana kwenye cherehani, lakini huo ni mgongo wangu na tumeshazoeana.

Salamu zimeisha. Nimezitoa kamili kwa sababu nimelelewa, na kwa sababu ningeanza na kilichonifanya nishike kalamu usingefika mstari wa pili. Sasa kaa chini. Nina hasira na wewe, mwanangu. Nimeamka nazo, nimeshona nazo, nimekula nazo, na wateja wangu wameanza kuniuliza kama nimefiwa.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Simu nimepiga hupokei. Nimekutumia ujumbe wa sauti, mrefu, wa kulia kabisa, ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba, mimi, shangazi yako, niliyekutawaza. Basi nimeona nikuandikie kwenye karatasi, uishike mkononi mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni ile video yako, Mfaransa wa baba dhidi ya Mjapani wako. Vigari viwili vidogo vya mlango wa nyuma, vyote vimeundwa kwa ajili ya watu wenye haraka zao, kimoja cha miaka ya themanini na kingine cha juzi tu. Wazo lilikuwa zuri, sikatai. Ulipotuambia mezani kwamba unataka kuvilinganisha ili watu wako wa mtandaoni waone, baba yako alifurahi mpaka chai ikapoa mbele yake. Alimwosha Mfaransa kwa mikono yake, akampangusa mpaka ndani ya vifuniko vya tairi, kisha akanifuata hapa karakana nimshonee ule mshono wa kiti cha dereva uliokuwa umefumuka. Nikamshonea kwa uzi mwekundu, uleule wa kiwandani ambao nilikuwa nimeuficha kwa ajili yake. Nakwambia haya ujue kwamba tuliingia kwenye hiyo video yako kwa moyo mweupe.

Halafu ukaruka na ndege yako, ukaitoa, tukaitazama. Mama yako aliita majirani. Bibi yako alivaa miwani. Tukakusikia unamwita Mfaransa bati la biskuti lenye usukani, tukacheka, maana utani ni utani. Mwisho tukaona gari limelala ubavu mtaroni, na baba yako anatoka kwa kupanda kupitia mlango wa dereva, kofia imemwenda upande, suruali ina tope mpaka kiunoni. Na sauti yako juu yake, imetulia kama ya msoma habari, inasema kwamba gari la zamani halimjali hata dereva aliyelizoea miaka yote. Majirani wakaanza kutafuta viatu vyao.

Kabla sijafika huko mtaroni, nianze na magari yenyewe, maana hata hapo umepotosha watu. Mimi nimeyaendesha yote mawili. Huyo Mjapani uliyemwacha uani kwetu kama zawadi, nimemtoa mara kadhaa ili betri isife. Wewe una watazamaji, mimi nina miaka yangu ya kushona viti vya kila aina ya gari linalopita mji huu, na kiti hakinifichi kitu kuhusu gari wala kuhusu mwenye gari.

Mfaransa ni mwepesi. Mlango wake ukiufunga unalia kama kifuniko cha sufuria, na hilo ulilicheka. Usukani wake ukiwa umesimama ni mgumu, unatoka jasho kwapani kabla hujatoka kwenye maegesho. Lakini akishaanza kutembea unalainika, na kila jiwe la barabarani unalijua kwa viganja. Injini yake haina turbo, haina mbwembwe. Ukikanyaga anakwenda, ukiongeza anaongeza, na anapiga kelele za mtu anayefurahia kazi yake. Breki zake zinataka uamue mapema. Hana kiyoyozi, hana mifuko ya hewa, na harufu ya petroli inakufuata mpaka chumbani. Ukishuka mabega yanauma.

Mjapani ni kitu kingine, na sitamnyima haki yake kwa sababu tu nimekasirika na mwenye naye. Viti vyake nimevipekua mshono kwa mshono nikitafuta kosa, sikuliona. Vimekumbatia mbavu bila kubana, na mgongo wangu ulitulia humo kuliko kwenye kitanda changu. Gia inaingia kwa vidole viwili. Ukikanyaga, turbo inavuta pumzi kidogo, halafu kichwa kinarudi nyuma na moyo unabaki ulikotoka. Breki zinashika palepale. Kasoro zake ni ndogo: ni mnene, kioo chake cha pembeni kimeshakwaruza nguzo ya geti letu, analia ting ting ting kila kitu kikimkaribia hata kuku, na lile bawa la nyuma utadhani anasubiri ruhusa ya kupaa.

Kwa hiyo nani bora? Mjapani. Nimesema, na ningekuwa na hela zake ningemnunua kesho. Anakimbia zaidi, anasimama vizuri zaidi, na ukigonga una nafasi ya kwenda kusimulia. Kama ungesema hivyo tu kwenye video yako, mimi ningekuwa wa kwanza kukupigia makofi, na baba yako wa pili. Yeye mwenyewe aliniambia kitu hichohicho siku ile ulipompeleka mzunguko wa kwanza. Alishuka kwenye Mjapani wako anatikisa kichwa kwa kustaajabu, macho yamemng'aa.

Lakini kuna tofauti moja kubwa, wewe unaijua, na ukaiacha nje makusudi. Mjapani anasamehe. Ukiwa katikati ya kona mbio mbio, ukaogopa, ukaachia mafuta ghafla, kompyuta yake inabana tairi hii, inalegeza ile, na unapita zako ukidhani wewe ni fundi. Mfaransa hasamehi. Ukimwachia mafuta katikati ya kona, uzito wote unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, na mkia unatoka kuja kukuangalia usoni. Baba yako amekuwa naye tangu kabla hujazaliwa na hajawahi kumwachia mafuta kwenye kona hata siku moja. Hupunguza mwendo mapema, akishaingia anashikilia vilevile mpaka anatoka. Hata mimi aliponipa ufunguo mara ya kwanza, kabla hajanionyesha gia, alinionyesha hilo.

Sasa twende kule machimboni tulikopigia video yako.

Mimi nilikuwa pale, Mbio. Ulinisimamisha juu ya lile tuta la kokoto, ukanipa simu yako ya pili, ukaniambia shangazi shika hivi, usitikisike, nifuate mpaka nipotee. Nikashika hivyo. Simu ilikuwa yako na nilikurudishia, kwa hiyo mimi sina cha kumwonyesha mtu. Lakini macho ni yangu. Kwenye usukani ulikuwa wewe. Baba yako alikuwa kushoto kwako, amefunga mkanda, mkono wake umeshika mpini wa mlango kama anavyofanya na wanafunzi wake wote.

Nilikuona unaingia kwenye kona kwa mwendo wa Mjapani. Nilimwona baba yako anafungua mdomo, na kwa kuwa vioo vilikuwa chini nilimsikia. Alisema, "Usiachie." Hakupiga kelele, alisema tu kama anavyosema kila siku kazini. Wewe ukaachia. Mkia ukatoka, mkazunguka nusu, mkaingia mtaroni kwa ubavu wa kushoto, mlango wa baba yako ukabanwa na ukingo.

Nikatupa adabu, nikashuka tuta kwa makalio. Na haya ndiyo yanayonikosesha usingizi. Wewe ulitoka wa kwanza kupitia mlango wako. Sawa, ulikuwa juu, ilibidi utoke wa kwanza. Nikadhani utageuka umpe baba yako mkono. Ulikimbilia kamera yako uliyoiacha kando ya barabara. Ukaiwasha, ukaielekeza kwenye gari, na baba yako, ambaye mlango wake haufunguki, akajikokota juu ya viti mpaka kwenye mlango wa dereva, akatoka hapo. Hapo ndipo video yako ilipomkuta. Ulichokata ni kile kilichofuata: kabla hajasimama vizuri alikuwa ameshauliza kama umeumia. Wewe ulikuwa unatazama kioo cha kamera kuona kama picha imetoka.

Sikukuambia kitu siku ile kwa sababu nilidhani ni mshtuko. Mtu akitoka mtaroni anafanya ya ajabu. Nikasema akitulia atamwomba radhi baba yake, wataenda kumvuta Mfaransa kwa kamba, watacheka. Ukaondoka umemwachia ufunguo wa Mjapani juu ya meza, na maneno kwamba lile la zamani limekwisha, mzee atumie hili. Kumbe wakati huo ulikuwa umeshaamua utaiuza sura yake.

Najua utajitetea vipi. Utasema hukutamka popote kwamba dereva alikuwa yeye. Ni kweli, hukutamka. Nimeisikiliza tena na tena nikitafuta. Ulisema gari la zamani halimjali hata dereva aliyelizoea, ukamwonyesha mzee anatoka kwenye mlango wa dereva, ukanyamaza, ukawaachia watu wamalizie. Usinifanye mimi mtoto. Mtu anayepima maneno yake namna hiyo anajua vizuri anachokifanya.

Sasa nikwambie kilichotokea huku, maana wewe unahesabu waliopenda, sisi tunaishi na waliotazama. Baba yako ni mwalimu wa udereva. Hana kazi nyingine, hana biashara ya pembeni, ana jina lake tu. Nusu ya watu wanaoendesha mjini hapa wamefundishwa naye, na wote walikuwa wanamwita Mwalimu Kioo kwa vile alivyowakalia kooni na vioo vyao. Tazama kioo, tazama kioo, mpaka mtu akifika kwake anatazama kioo cha kunyolea. Sasa hivi anaitwa Mwalimu Mtaro. Nimesikia kwa masikio yangu kituo cha mafuta, vijana wa kujaza matairi upepo wanamwamkia hivyo mbele yake, shikamoo Mwalimu Mtaro, na yeye anaitikia marahaba.

Wazazi wakaanza kuwahamisha watoto wao. Mama mmoja alifika chuoni na simu mkononi, video yako imefunguliwa, akauliza kama huyu ndiye atakayekaa na binti yake barabarani. Mwenye chuo akamwondoa baba yako kwenye magari. Amemweka darasani afundishe alama kwenye ubao, kazi waliyokuwa wanampa mwalimu mgeni wa wiki ya kwanza. Mtu mzima yule, anasimama na chaki anachora pembetatu.

Nyumbani nako hana pa kupumua. Mama yako hajui ukweli. Anaamini alichokiona, na mimi simlaumu, macho hayana kosa. Kila siku anamwambia angemuua mtoto, angemwacha mkwe wake mjane kwa ajili ya kuonyesha ufundi uzeeni. Ameuficha ufunguo wa Mfaransa ndani ya debe la unga na anadhani hatujui. Baba yako anasikiliza mpaka mwisho, kisha anaomba maji ya kunywa. Mimi nakaa hapo, najiuma ulimi.

Wiki iliyopita uvumilivu ukaniishia. Alikuja karakana, maana Mfaransa tumemficha huku nyuma chini ya turubai, na huwa anakuja kumgonga gonga ule ubavu uliobonyea. Nikazima cherehani. Nikamwambia kaka, nakwenda kwa mwenye chuo leo hii, namwambia nani alikuwa kwenye usukani. Akaweka nyundo chini. Akaniambia nisithubutu, na akanilisha yamini.

Nikamuuliza mbona amemwambia mwenye chuo kwamba dereva alikuwa yeye, yeye ambaye hasemi uongo hata kwa askari wa barabarani. Akanijibu kwamba hakusema uongo. Akaniambia, "Mwanafunzi akiwa kwenye usukani, dereva ni mwalimu. Akigonga, jina linaloandikwa ni langu. Nimewaandikia wengi, wa kwangu nimwache?"

Nikamwambia yule si mwanafunzi wako, ana leseni, ana ndevu, ana mtoto, watu chungu nzima wanamfuata awaambie gari gani wanunue. Akasema kwenye gari jingine labda. Kwa Mfaransa ilikuwa mara yako ya kwanza kushika usukani, na yeye alikuwa amekaa kushoto, kwa hiyo ni somo kama masomo mengine. Kisha akachukua nyundo yake. Nilitamani niipokonye nimgonge nayo, halafu nipande ndege nije nikugonge na wewe.

Lakini nimelifikiria neno lake kwa siku kadhaa, nikagundua amenipa nusu tu ya sheria yake. Mimi nimekaa kiti cha nyuma kwenye masomo yake nikienda zangu sokoni, namjua anavyofanya kazi. Somo likiisha, gari likisimama, hamruhusu mwanafunzi kushuka. Anamwambia, sema ulichokosea. Mwanafunzi anasema kwa mdomo wake mwenyewe: nilisahau kioo, niliingia kona na mwendo mkubwa, nilikanyaga breki nikiwa nimechelewa. Mwalimu hamtajii. Anasubiri hata nusu saa. Akishasema, mlango unafunguliwa, na kosa lile halitajwi tena na mtu yeyote, wala mwenye chuo hapelekewi. Hiyo ndiyo nusu ya mwalimu na nusu ya mwanafunzi. Yeye ya kwake ameilipia, anailipia mpaka leo. Wewe ulishuka bila kusema.

Kwa hiyo chagua mwenyewe, sikulazimishi ipi. Kama kwenye Mfaransa ulikuwa mwanafunzi, kama anavyotaka kuamini, basi sema ulichokosea, mbele ya walewale uliowaonyesha. Kama ulikuwa dereva, mwenye leseni na sifa zako, basi ni wewe uliyemwangusha baba yako mtaroni ukamsingizia, na hilo nalo lisemwe. Njia zote mbili zinakwenda kwenye maneno yaleyale. Nilikuwa mimi. Baba aliniambia nisiachie, nikaachia.

Usije ukaniambia habari za kazi yako. Najua kuna watu wanakutumia magari uyajaribu, najua wataogopa kumpa gari mtu aliyeingia mtaroni. Labda watakunyima moja, mawili. Utaumia, na nitakuhurumia, nitakupikia ukija. Lakini wewe una miaka ya kuinuka. Baba yako amebakiza michache tu ya kufanya kazi, na umemchukulia hiyo.

Wala usije ukadhani Mjapani amelipa. Baba yako hajamwendesha hata mara moja. Mimi ndiye ninayemtoa. Nilimuuliza sababu, nikitegemea atalalamikia upana au ting ting ting. Akasema gari ni zuri mno, ila kila akimwona pale uani anakumbuka kwamba uliondoka bila kumuaga. Nilikuwa sijui kwamba hukumuaga, Mbio. Kumbe uliweka ufunguo mezani yeye akiwa bafuni.

Nimefika kwenye jambo la mwisho. Mwenye chuo ameamua kwamba baba yako ajaribiwe upya. Jumamosi ya tarehe 29 atapanda gari la mafunzo, na kibao cha mwanafunzi mbele na nyuma, ataendesha mji mzima huku akipimwa na mkaguzi ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika klachi. Walimu wenzake watasimama uwanjani watazame. Akishindwa, basi. Ameshaweka sahihi.

Jana nilimpelekea mihogo. Mama yako alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya na bibi yako amelala. Nilimkuta jikoni, amekaa mbele ya kile kitabu cha alama za barabarani anachowapa wanafunzi wapya, amefunika majibu kwa kiganja, anajiuliza na kujijibu kwa sauti ya chini. Alipokosea moja, alirudi mwanzo wa ukurasa. Hakunisikia nimeingia. Nikasimama mlangoni na sahani yangu, nikaelewa kwamba kaka yangu anaogopa. Ameanza kuamini, mwanangu. Amewasikia watu wanasema hawezi tena kuendesha mpaka na yeye ameanza kujiuliza. Nilirudi nyuma kimyakimya, nikaiacha sahani kibarazani.

Mimi nimeapa sitamwambia mtu yeyote wa huku, na sitasema. Wewe sikwambii kitu kipya, ulikuwepo. Barua hii nimeilipia iende haraka ikufikie kabla ya Jumamosi hiyo. Ukishaisoma, washa hiyo kamera yako, usijipambe, usiweke muziki.

Nisalimie mkeo, mwambie kitambaa alichoniomba nimekipata na nitakituma. Mbusu mdogo wenu kwa niaba yangu. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama huko kuna meno ya bandia mazuri. Mama yako anakusalimu sana, kila akitaja jina lako anatabasamu, na hilo nalo linanichoma. Baba yako hajui kwamba nimekuandikia.

Mungu akulinde kwenye kila barabara unayopita, akupe mtoto atakayekuheshimu, na akufungue mdomo mapema.

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda tangu ulipokuwa unatambaa, na ambaye leo hacheki na wewe.